Bomba la Chini Likiziba: Pima Kwanza, Ndipo Uhesabu Gharama

Ndugu wakulima, natumaini wengi wenu mmekwisha kukamua ng'ombe wa jioni na sasa mmekaa. Leo nawaomba jambo ambalo si kawaida yetu katika kipindi hiki. Mwenye mtoto wa shule amwite aje na daftari na kalamu, maana tutapiga hesabu. Na hesabu yenyewe si ya mbolea wala ya mbegu. Ni hesabu ya bomba la maji machafu lililofukiwa ardhini: pale linapoziba, utahitaji fedha kiasi gani kulitengeneza?

Huenda mmoja atasema, "Ah, bwana shamba leo amepotea njia, hayo ni mambo ya mafundi wa mjini." Sijapotea. Wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa siku hizi wanafugia bandani, na wengi wamefukia bomba la kupeleka mkojo na maji ya kuoshea sakafu kwenye shimo la samadi au migombani. Bomba hilo likiwa zima, mwenyewe hulisahau kabisa. Likiziba, maji yanarudi bandani. Ng'ombe analala majini, chuchu zinapakaa kinyesi, na hapo ugonjwa wa kiwele hauko mbali. Kwato zinalainika na kuanza kuoza. Tena ukimtibu ng'ombe kiwele kwa dawa, maziwa yake hayafai kuuzwa wala kunywewa mpaka zitimie siku zilizoandikwa kwenye dawa hiyo. Kwa hiyo kuziba kwa bomba ni hasara ya maziwa, na mfugaji akishaona hasara anaingiwa na haraka. Haraka hiyo ndiyo inayomla fedha.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa sijamaliza miaka mingi tangu kutoka chuo cha kilimo, niliitwa na mama mmoja wilayani Rungwe. Wanaoijua Rungwe wanajua mvua ya huko. Mama yule alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa na mtamba mmoja. Bomba lake lilitoka bandani, likapita chini ya uwanja wa nyumba, likaishia kwenye shimo la samadi pembeni mwa migomba, mita 30 kwa jumla. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Hebu ona, maji yote yanarudi, ng'ombe wangu wanaogelea." Nikatazama sakafu, nikatazama tope, nikatikisa kichwa kama mtaalamu. Fundi aliyekuwa pale akasema bomba limekufa lote. Nami, pasipo kupima hata hatua moja, nikasema ndiyo, mama, lifukue lote uweke jipya.

Mama aliuza mtamba. Akanunua mabomba matano ya plastiki, akaweka vibarua wawili waanze kuchimba kutoka bandani. Siku ya tatu walipofika mita 19, wakakuta mzizi. Mkaratusi wa mpakani ulikuwa umepenyeza mizizi kwenye kiungio cha bomba, imejaa ndani kama ndevu. Tulipoukata na kutazama huku na huku, bomba la juu lilikuwa safi na la chini lilikuwa safi. Tumechimba mita 19 bure, na duka halipokei mali iliyokwisha kutoka. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe mkaratusi umemla mtamba wangu." Maneno hayo ninayo mpaka leo, kwa sababu najua si mkaratusi peke yake uliomla.

Basi, ndugu zangu, gharama kubwa katika kazi hii haiko kwenye uzibo. Uzibo wenyewe mara nyingi ni mita moja au mbili tu. Gharama iko kwenye udongo unaouchimba kuutafuta. Ukijua ulipo kabla ya kushika sururu, umeokoa sehemu kubwa ya fedha. Na kujua huko kunahitaji fito, kamba na nusu siku.

Sikilizeni namna ya kufanya. Tafuta mwanzi mrefu, upasue upate fito nyembamba zinazopinda bila kuvunjika. Ziunganishe kwa kuzipandisha ncha, kiasi cha urefu wa mkono, ukazifunga kwa kamba imara ya katani au waya mwembamba. Funga kweli kweli, maana fito ikikatikia ndani, umeongeza uzibo wa pili juu ya ule wa kwanza. Anza mdomo wa juu, kule bandani. Sukuma taratibu mpaka ufito ukatae. Usiulazimishe kwanza. Shika mahali ufito unapoingilia mdomoni mwa bomba, weka alama, kisha uvute wote nje na uulaze juu ya ardhi ukifuata njia ya bomba. Pale ncha inapofika, chomeka kijiti. Sasa nenda mdomo wa chini, fanya vile vile ukisukuma kuelekea juu, na uchomeke kijiti cha pili. Katikati ya vijiti hivyo viwili ndipo adui alipo.

Kwa bomba la yule mama, tungefanya hivyo, ufito wa juu ungekataa kwenye mita 19, na wa chini ungekataa baada ya mita 8 na nusu. Toa hizo katika 30. Yanabaki mita 2 na nusu. Hayo ndiyo yaliyokuwa mabovu, na tungeyajua kabla ya mtamba kutoka bandani.

Jambo moja la kuangalia. Kama bomba lako lina kona, ufito unaweza kukwama kwenye kona ukadhani ni uzibo. Kwa hiyo mkumbuke yule aliyelifukia mlivyolipitisha. Kama hamkumbuki, tazameni ardhi yenyewe, kwa kuwa ardhi husema. Mahali majani yamestawi kijani peke yake wakati wa kiangazi, maji yanavuja chini yake. Mahali pamebonyea kama kaburi la zamani, bomba limevunjika na udongo unashuka ndani. Na mahali gari la majani au trekta linapokatiza, napo patilie shaka.

Sasa ufito ukiutoa, usiufute haraka. Utazame ncha yake, maana ndiyo daktari wako. Ukitoka na kinyesi na mabaki ya majani, hilo ni tope la kawaida. Sukuma na kuvuta mara nyingi huku mwenzako akimwaga maji ndoo baada ya ndoo, na mara nyingi litafunguka bila kuchimba hata shimo moja. Gharama yake ni nusu siku ya kibarua na maji. Ukitoka na nyuzinyuzi, ni mizizi, utachimba hapo. Ukitoka na udongo wa rangi ya ardhi yako, mwekundu au mweusi, basi bomba limepasuka au kiungio kimeachana, utachimba pia. Na kama ufito unapita mzima kutoka juu hadi chini lakini maji bado yanatoka kwa uvivu, ugonjwa ni mwingine, nitausema baadaye.

Wapo wanaopenda kumwaga magadi makali ya dukani, yale yanayochoma, ili yafungue bomba. Mimi siwashauri. Hayakati mzizi wala hayaunganishi bomba lililopasuka, yanaunguza macho na ngozi, na kama maji yako yanaishia migombani au kwenye mtambo wa gesi ya samadi, unaua vijidudu vinavyokufanyia kazi.

Haya, sasa daftari. Tuanze na udongo. Pima kina cha bomba kwenye mdomo wa juu na kwenye mdomo wa chini. Tuseme juu ni sentimita 60 na chini ni mita moja. Ukijumlisha ukagawa kwa mbili unapata sentimita 80, ndicho kina cha wastani. Upana wa mtaro usiwe chini ya sentimita 60, maana mtu lazima aweze kusimama ndani na kuinama. Urefu je? Uzibo ni mita 2 na nusu, nawe ongeza mita moja kila upande ili fundi apate bomba zima la kukatia. Jumla mita 4 na nusu. Zidisha: 4.5 mara 0.6 mara 0.8. Unapata mita za ujazo 2 na kidogo.

Kibarua mmoja mwenye sururu na koleo, katika udongo laini kama ule wa Rungwe, mimi humkadiria mita za ujazo 2 kwa siku kwenye mtaro mwembamba kama huo. Katika udongo wa mfinyanzi mweusi wa mbugani, au penye mawe, namkadiria mita moja tu. Kurudishia udongo na kushindilia huchukua kama theluthi ya muda wa kuchimba. Kwa hiyo mtaro wetu mdogo ni siku moja na nusu ya mtu mmoja. Andika siku 2, maana hakuna kibarua anayekubali kuitwa kwa nusu siku akaja kwa moyo mmoja.

Sasa fanyeni hesabu hiyo hiyo kwa mita 30 zote. 30 mara 0.6 mara 0.8 ni 14.4. Ugawe kwa 2 ni siku 7 na kidogo za kuchimba, ongeza theluthi ya kurudishia, unakaribia siku 10. Siku 2 na siku 10! Bado hatujagusa bomba.

Tutie fedha. Bei nitakazotaja ni za kujifunzia tu. Bei ya Tukuyu si bei ya Lushoto, na ya mwaka huu si ya mwakani, kwa hiyo kila mmoja afute yangu aandike ya kwake. Tuseme kibarua ni shilingi 10,000 kwa siku, fundi ni 30,000, bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 6 ni 40,000, na toroli moja la mchanga ni 2,500.

Kutengeneza kipande: vibarua siku 2 ni 20,000. Fundi siku moja, 30,000. Bomba moja, 40,000, na kipande kitakachobaki kihifadhi, kitakufaa siku nyingine. Viungio viwili, tuseme 10,000. Gundi ya mabomba, 5,000. Mchanga wa kulaza bomba, unene wa sentimita 10, ni toroli 5, yaani 12,500. Usafiri, 5,000. Jumla 122,500. Halafu ongeza sehemu moja ya kumi kwa yale yasiyotazamiwa, kwa mfano jiwe, mvua, au kiungio kuvunjika mkononi mwa fundi. Unapata 134,750.

Kubadilisha bomba lote: vibarua siku 10, 100,000. Fundi siku 3, 90,000. Mabomba matano, 200,000. Gundi 10,000. Mchanga toroli 30, 75,000. Usafiri 20,000. Jumla 495,000, ongeza sehemu ya kumi, inakuwa 544,500.

Linganisheni. Kubadilisha lote ni mara nne ya kutengeneza kipande. Bei zikipanda au zikishuka, tofauti itabaki kubwa, kwa sababu chanzo chake ni urefu wa mtaro. Fundi akikwambia jumla moja tu, "Mama, kazi hii ni laki tano na nusu," bila kukuonyesha siku ngapi, mita ngapi na mabomba mangapi, usikasirike naye. Mwambie kwa upole, "Fundi, hebu tuandike." Fundi mwema hakatai kuandika. Asiyetaka kuandika, mwache aende.

Sasa nisije nikawatoa kwenye shimo moja nikawatia kwenye jingine. Zipo nyakati ambapo kubadilisha lote ndiyo busara. Wakati wa kwanza ni pale ambapo ufito unakataa mahali pawili au patatu penye mapasuko mbalimbali. Hapo bomba limechoka, na ukiziba hapa litafunguka pale. Wakati wa pili ndio ule ugonjwa nilioahidi kuusema: bomba halina mteremko wa kutosha.

Maji ya banda si maji ya mvua. Yamebeba kinyesi na mabaki ya majani, na yakitembea polepole mzigo huo unalala chini ya bomba. Kwa bomba la inchi 4, mteremko mzuri ni sentimita 10 kwa kila mita 4. Ukiwa chini ya sentimita 10 kwa kila mita 6, utakuwa mgeni wa bomba hilo kila mwezi. Kwa hiyo mita 30 zinataka mteremko wa sentimita 75, na zisipungue 50.

Kupima mteremko hakuhitaji chombo cha mhandisi. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule mafundi wa nyumba wanaoutumia, mrefu kufika pande zote mbili. Ujaze maji, utoe mapovu yote. Simamisha mti mmoja kwenye mdomo wa juu na mwingine kwenye mdomo wa chini, shikilieni ncha za mpira kwenye miti hiyo. Maji yakitulia, pande zote mbili yako sawa, hata kama ardhi imelala upande. Weka alama kwenye kila mti usawa wa maji. Kisha pima kutoka kwenye alama kushuka mpaka tumbo la bomba, huku na huku. Tuseme juu umepata sentimita 90 na chini sentimita 110. Tofauti ni 20 tu, na bomba ni mita 30. Bomba hilo, ndugu yangu, hata ukilizibua leo kwa fedha ndogo, umezitupa. Halikuziba kwa bahati mbaya, lilizaliwa hivyo.

Hata hapo, kabla ya kutoa 544,500, uliza swali moja: lazima liwe chini ya ardhi? Mimi binafsi, kwa banda la ng'ombe, silipendi bomba la chini. Mfereji wa wazi, uliojengwa kwa mawe na sementi kidogo, unauona ukiziba na unausafisha kwa fagio asubuhi wakati chai inachemka. Shida yake ni kwamba unapopita uwanjani watoto wanachezea uchafu, nzi wanazaliana, na gari haliwezi kuvuka. Lakini si lazima uwe mmoja au mwingine. Penye uwanja lipite bomba fupi, mita 5 au 6, kwingine kote uwe mfereji wa wazi. Nimeona mabanda kadhaa yaliyogeuzwa hivyo na wenyewe hawajaniita tena kwa habari ya kuziba.

Kama umeamua kutengeneza kipande, fikiria kuacha chemba pale ulipochimba. Shimo la kukagulia, sentimita 60 kwa 60, limejengwa kwa matofali na kufunikwa kwa mfuniko wa zege. Kwa bei zetu za daftarini: matofali ya kuchoma 120 kwa shilingi 200, hiyo ni 24,000. Sementi mifuko 2, tuseme 36,000. Mchanga toroli 4, 10,000. Kokoto na nondo za mfuniko, 10,000. Fundi siku moja zaidi, 30,000. Jumla 110,000. Ukijumlisha na matengenezo yako bado hujafika hata nusu ya gharama ya bomba lote, na siku likiziba tena utafunua mfuniko badala ya kuchimba uwanja. Mwenye bomba refu kuliko mita 20 na asiye na chemba hata moja, hiyo ndiyo fedha ningemshauri aitoe kwanza.

Kabla sijaenda kwenye makubaliano na fundi, kuna jambo moja ambalo halimo katika hesabu ya shilingi, na naomba hata aliyekuwa anasinzia aamke. Usiingie kwenye shimo la samadi lililofunikwa, wala usimtume mtoto au kibarua, hata kama mdomo wa bomba uko ndani ya shimo na ufito hauingii vizuri kutoka nje. Samadi inayooza inatoa hewa ya sumu inayotulia chini. Nyingine inanuka kama yai viza, lakini ikizidi pua inaacha kuisikia, nawe unadhani imekwisha. Mtu anashuka, anaanguka kimya. Wa pili anaruka kumwokoa, naye anaanguka. Hivyo ndivyo familia zinavyopoteza watu wawili watatu kwa shimo moja. Kama mdomo wa chini haufikiki, chimba mtaro nje ya shimo, ulikate bomba hapo, usukumie ufito hapo. Mita moja na nusu ya kuchimba, andika siku moja ya kibarua kwenye hesabu yako, wala usione ni ghali.

Na mtaro wenyewe, ukizidi kimo cha kifua, kingo zake lazima zizuiliwe kwa mbao na miti, hasa baada ya mvua. Udongo uliochimbwa urushwe mbali na ukingo, angalau nusu mita. Kama unaweza kungoja, kazi hii ifanyike kiangazi. Mtaro uliochimbwa masika unajaa maji usiku, na asubuhi unalipa watu kuchota maji badala ya kuchimba.

Basi mmeelewana na fundi. Vibarua wa mtaro wapatane kwa mita, si kwa siku. Wa siku atachimba polepole, ni ubinadamu, usimlaumu. Vifaa nunua mwenyewe au mtume mtu wa nyumbani aende pamoja na fundi, na nunua baada ya kupima, siyo kabla, mmesikia habari za yule mama. Fedha za fundi mpe kwa mafungu, na fungu la mwisho, tuseme theluthi, libaki mkononi mwako mpaka maji yajaribiwe mtaro ukiwa bado wazi. Mwageni ndoo tano za lita 20 mfululizo kutoka bandani. Mmoja asimame kwenye kiungio kipya, mmoja chini. Kiungio kikae kikavu, na maji yatoke chini kwa nguvu, yasichuruzike. Mkiridhika, bomba lifunikwe kwanza kwa mchanga au udongo laini usio na mawe, mkono mmoja hivi, mkishindilia kwa miguu, ndipo mrudishie udongo mwingine. Ukirudishia mawe moja kwa moja juu ya plastiki, umejiandalia mtaro wa mwakani.

Na ule mkaratusi? Kama mti ndio chanzo, kubadilisha bomba bila kushughulika na mti ni kuulisha upya. Kama ni wako, ukate na uue kisiki chake, kwa kuwa mkaratusi huchipua. Kama ni wa jirani, nenda mkazungumze, tena nenda na kipande cha bomba chenye mizizi ndani akakione kwa macho yake. Mama yule alifanya hivyo, na jirani yake, mzee wa watu, aliukata mwenyewe wiki ile ile na kumletea kuni zake.

Mdomo wa bomba bandani uwekewe wavu wa chuma wa kuzuia majani, na kinyesi kizolewe kwa koleo kabla ya kumwaga maji, wala kisisukumwe na maji kuingia bombani. Hilo wengi mnalijua, tatizo ni asubuhi ya baridi.

Nimeulizwa mara kadhaa yule mama alifanyaje na mabomba aliyonunua bure. Moja lilitumika kwenye kiungio kile. Manne aliyapasua katikati kwa msumeno, akayafunga chini ya mabati kuwa gata za kukingia maji ya mvua, na maji hayo ndiyo anayonyweshea ng'ombe. Kila nikipita pale nayaona, na kila nikipita huanza kwa kupima.

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya kukausha majani ya malisho kwa ajili ya kiangazi. Ukiwa na swali kuhusu haya ya leo, mpelekee ofisa ugani wa kata yako pamoja na vipimo vyako: urefu, kina, na mahali ufito ulipokataa. Kwaherini.